Fomu ya mkopo ya kujaziwa kwenye kompyuta: sehemu za kujaza zinapotea nikihifadhi kama PDF, na sijui niijaribu vipi kabla ya kuisambaza

KaraniWaMikopo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi ni karani wa mikopo katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya watumishi mkoani Morogoro. Kwa miaka mingi fomu yetu ya maombi ya mkopo imekuwa karatasi ya kurasa mbili iliyochapwa kwa Word, yenye mistari ya nukta baada ya kila kichwa: "Jina kamili........", "Namba ya NIDA........" (yaani ya kitambulisho cha taifa), na kuendelea hivyo hadi mahali pa sahihi za wadhamini wawili. Sasa bodi imeamua kwamba wanachama walio mbali waijaze kwenye kompyuta na kuirudisha kwa barua pepe, kisha waje kutia sahihi siku ya kuchukua mkopo.

Nilipowatumia faili ileile, zilirudi fomu za ajabu. Mtu akiandika jina lake, nukta zinasukumwa mbele na kuangukia mstari wa pili, kichwa kinachofuata kinahama, na mwisho wake nafasi za sahihi zinabaki peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Mwanachama mmoja, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi, alirudisha fomu ambayo kifungu cha adhabu ya kuchelewesha marejesho kilikuwa kimefutika, na tusingegundua lau mwenyekiti wa kamati ya mikopo asingeisoma neno kwa neno.

Nikashauriwa nitumie sehemu maalumu za kujaza. Nimewasha kichupo cha Developer cha Word, nimeweka sehemu za maandishi, visanduku vya tiki na orodha kunjuzi ya muda wa marejesho. Hata hivyo nimekwama mahali pawili. Kwanza, nikihifadhi kama PDF ili wanachama wasiguse masharti, sehemu zote za kujaza zinageuka kuwa maandishi ya kawaida yasiyojazika. Pili, pale penye "Mwajiriwa" na "Aliyejiajiri" mtu anaweza kutia tiki kote kuwili. Zaidi ya hayo, naomba kujua namna ya kuijaribu fomu, kwa maana mimi nikiijaza mwenyewe haina tatizo lolote.

---

MwalimuWaTehama amejibu:

Ndugu Karani, kuhusu PDF hukukosea chochote. Word haina uwezo wa kutoa PDF yenye sehemu za kujaza. Inachofanya ni kuipiga picha fomu kama ingetoka kwenye printa. Kama ni lazima iwe PDF, utahitaji programu nyingine, na wengine humu watakueleza. Mimi nitajibu kwa anayebaki na Word.

Anza kwa kufuta nukta zote. Weka jedwali la safu mbili, kichwa kushoto na sehemu ya kujaza kulia, kisha uondoe mipaka yote isipokuwa mstari wa chini wa seli ya kulia, nao ndio utakaochukua nafasi ya zile nukta. Katika sifa za jedwali, ondoa alama inayoruhusu safu kujitanua kufuata maandishi. Hapo mtu mwenye jina refu ataandika, jina litashuka ndani ya seli yake, na safu ya vichwa haitasogea.

Pili, angalia aina ya sehemu uliyoweka. Zipo mbili za maandishi ambazo kwa macho zinafanana. Ile ya maandishi yenye mapambo inapokea chochote, zikiwemo picha na majedwali, kwa hiyo mtu akibandika maneno aliyoyanakili kwingine yanaingia na fonti zake na rangi zake. Ile ya maandishi matupu inabaki na mwonekano ulioupanga wewe. Kwa fomu ya mkopo sioni haja ya ile ya kwanza hata mahali pamoja.

Kuhusu tiki mbili: visanduku vya tiki vya Word havijuani. Kila kimoja kinasimama peke yake, na bila kuandika makro (programu ndogo ndani ya hati) huwezi kukifanya kimoja kizime kingine. Vipo vitufe vya ActiveX vinavyoweza kazi hiyo, lakini havifanyi kazi kwenye Word ya Mac, tena kompyuta nyingi za ofisini huvizuia kwa sababu za usalama. Weka orodha kunjuzi yenye majibu hayo mawili na tatizo limekwisha.

Ukimaliza, nenda Restrict Editing, chagua kwamba kinachoruhusiwa ni kujaza fomu tu, na uweke nywila. Hifadhi kando nakala isiyofungwa, kwa sababu siku utakayoisahau nywila utaikumbuka nakala hiyo. Fomu ya kusambaza ihifadhi kama kiolezo chenye kiambishi cha .dotx, anayekibofya mara mbili anafunguliwa hati mpya, na kiolezo chenyewe kinabaki kitupu.

Ila usiiamini nywila hiyo kupita kiasi. Inazuia mkono uliokosea, haisimbi faili, na mtu mwenye nia anaweza kuikwepa. Kwa kile kisa cha kifungu kilichofutika, tumia zana ya Compare iliyo katika kichupo cha Review: inalinganisha fomu iliyorudi na nakala yako na kuonyesha kila neno lililoongezwa au kuondolewa.

---

FundiWaKisauni amejibu:

Naandika kutoka Mombasa. Nakubaliana na Mwalimu kwa mengi, lakini kwa hali ya ndugu Karani, ambaye tayari ameshafutiwa kifungu, mimi ningeachana na Word kabisa kwa nakala ya wanachama. LibreOffice Writer ni ya bure, na inatoa PDF inayojazika.

Fungua menyu ya Form, washa Design Mode, na uchore sehemu zako. Bofya kila moja mara mbili upate sifa zake, na uipe jina linaloeleweka kama "simu_mwombaji", si lile inalojipa lenyewe. Kwa "Mwajiriwa" na "Aliyejiajiri" tumia vitufe vya duara, na uandike jina moja la kundi katika sifa za vyote viwili; ukichagua kimoja, kingine kinajizima. Fungamanisha kila sehemu kama herufi (Anchor, As Character), ili ukiongeza mstari juu yake iteremke pamoja na kichwa chake. Nilipuuza hilo katika fomu yangu ya kwanza, na baada ya kuongeza aya moja ya maelezo, visanduku vyote vilibaki juu kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba.

Unapotoa PDF, hakikisha alama ya Create PDF form imewekwa katika dirisha la kutolea. Nakala yako kuu ibaki .odt, yaani faili la Writer lenyewe, usiihifadhi kama .docx ukitarajia kuikuta jinsi ulivyoiacha.

Faida nyingine ni ukomo wa herufi. Sehemu za kisasa za Word hazina mahali pa kuweka ukomo, unaupata katika zana zake za zamani tu, zile za Legacy Forms. Katika Writer unaandika namba tu kwenye sifa.

---

MwalimuWaTehama amejibu:

Hoja ya ukomo ni ya kweli. Ila ndugu Karani akishawishika kurudi kwenye zile zana za zamani, ajue kwamba orodha kunjuzi yake haipokei zaidi ya majibu 25. Tanzania ina mikoa 31, kwa hiyo orodha ya mikoa haitoshi humo, na kwenu Kenya kaunti 47 ndiyo kabisa. Orodha kunjuzi mpya haina kizuizi hicho.

---

MhakikiHati amejibu:

Naona suala la majaribio halijaguswa, nami hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, basi niruhusuni nikae hapo.

Ndugu Karani anasema akiijaza mwenyewe haina tatizo. Haiwezi kuwa nalo. Aliyeitengeneza anajua kwamba penye "Tarehe" panatakiwa tarehe ya kuzaliwa na si ya leo, na vidole vyake vinakwepa mashimo asiyojua kwamba yapo. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona fomu, umkalishe mbele ya kompyuta ambayo si yako, uketi kando yake na ufunge mdomo. Akiuliza "hapa niandike nini?", usimjibu, andika swali lake kwenye daftari, kwa sababu mwanachama aliye Ifakara hatakuwa na wa kumuuliza.

Kabla ya hapo, ijaribu mwenyewe kwa ubaya. Jaza jina refu kuliko yote uliyo nayo kwenye rejesta, mathalani la mtu mwenye majina manne ambaye mawili kati yake ni Abdulrahman na Mwanahamisi. Jaza kila sehemu hadi ifurike, kisha uhesabu kurasa. Iache tupu kabisa, uichape, na uone kama yale maneno ya "bofya hapa uandike" yanatokea kwenye karatasi. Kwenye Word yatatokea, na kamati itapokea fomu iliyojaa maelekezo. Funga faili, ifungue tena, uone kama ulichojaza kipo. Ikiwa ni PDF, ifungue kwa Adobe Reader, kwa kivinjari na kwa simu. Kwenye simu ndiko utakakopata mengi, kwani baadhi ya vionyeshi vya PDF vinaionyesha fomu vizuri lakini haviruhusu kuandika, na mtu atakupigia kukuambia fomu yako ni mbovu.

Kisha weka kipanya pembeni na uijaze yote kwa kibodi, ukihama kwa kitufe cha Tab. Katika Word kishale kinafuata mpangilio wa hati, yaani katika jedwali kinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, safu mlalo moja baada ya nyingine. Katika Writer kinafuata mpangilio uliochorea sehemu, isipokuwa uubadilishe kwa Activation Order. Ukishaubadilisha, uujaribu tena ndani ya PDF yenyewe.

Nataka niseme kwa kirefu kidogo kuhusu namba, kwani ndiko hasara ilikojificha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, zilizogawanywa 8, 5, 5 na 2. Bila shaka mtazihamishia kwenye Excel. Excel haitunzi zaidi ya tarakimu 15 za namba, kwa hiyo aliyeandika namba yake bila vistari atakuta tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri, na haitakupa onyo lolote. Vivyo hivyo namba ya simu inayoanza na 07: ikisomwa kama namba, ile sifuri ya mbele inaondoka. Zote mbili zifanye sehemu za maandishi kwenye fomu, na safu zake katika Excel uzipange kuwa za maandishi kabla ya kubandika chochote. Kwa NIDA weka ukomo wa herufi 23, tarakimu 20 pamoja na vistari vitatu, na uandike mfano wa mpangilio huo chini ya kisanduku. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiona hazilingani na tarehe ya kuzaliwa aliyoijaza mwombaji, mpigie kabla fomu haijafika kwenye kamati.

Na tarehe zote uzipange mwezi uandikwe kwa jina. "03/04" kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi, na kwenye marejesho ya mkopo mwezi mmoja ni pesa.

---

KaraniWaMikopo amejibu:

Nawashukuru sana, walimu wangu. Nimeamua hivi: wanachama wa mbali watapata PDF iliyotoka Writer, na ya Word itabaki hapa ofisini kwa wale wanaokuja kujaziwa kaunta. Ya Word ndiyo niliyoitengeneza kwanza, kwa jedwali na orodha kunjuzi, na jana nikafanya jaribio kama alivyoelekeza Mhakiki.

Nilimwomba mhasibu wetu, ambaye huandika macho yakiwa kwenye kibodi. Alikwenda vizuri hadi sehemu ya wadhamini. Mimi nilikuwa nimewapanga ubavu kwa ubavu, mdhamini wa kwanza kushoto na wa pili kulia, kwa sababu ndivyo karatasi ya zamani ilivyokuwa. Aliandika jina la mdhamini wa kwanza, akabonyeza Tab, akaandika namba yake ya simu, Tab, mahali anapofanyia kazi, Tab. Alipoinua macho, namba ya simu ya mdhamini wa kwanza ilikuwa imekaa penye jina la mdhamini wa pili. Nilitamani kusema kitu nikakumbuka nimekatazwa. Yeye mwenyewe aliitazama kidogo, akaniuliza kama nimeitengeneza mimi.

Kosa la pili alilopata dereva wetu: penye "Kiasi kinachoombwa" aliandika "milioni mbili na nusu" kwa maneno. Kisanduku kilipokea bila kunung'unika. Nimeongeza mstari wa pili, mmoja wa tarakimu na mmoja wa maneno, kama kwenye hundi.

Wadhamini nimewaweka mmoja chini ya mwingine. Tab sasa inakwenda sawasawa, lakini fomu imerefuka na mistari miwili ya mwisho imevukia ukurasa wa tatu, tena ni ileile ya sahihi. Leo jioni nitapunguza pambizo za juu na chini, kisha mhasibu amekubali kukaa tena.