Je, Wyoming ina haki ya kumlazimisha mgeni kuwinda wapiti akiwa na mwongozaji?

Mkazi wa Denver:
Wanajamvi, naomba tuijadili sheria ya jimbo la Wyoming ambayo, kwa maoni yangu, inawaonea Wamarekani wa majimbo mengine. Asiye mkazi akitaka kuwinda wapiti, yule mnyama mkubwa wa ukoo wa ayala, ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1964, ni lazima afuatane na mwongozaji mwenye leseni, au na mkazi wa Wyoming aliyepewa kibali cha kumsindikiza bila malipo. Mtu huyo huyo akitaka kupanda mlima, kulala hemani wiki nzima au kuvua samaki katika mto ule ule, haulizwi na mtu. Dubu ni wale wale na theluji ni ile ile. Ikiwa hoja ni usalama, mbona mvuvi anaachwa aende peke yake? Colorado, jimbo langu, ina wapiti wengi kuliko jimbo lolote na haina sharti hilo. Sheria hii ipo ili kampuni za kuongoza wawindaji zijipatie maelfu ya dola kwa kila mteja, na sioni tofauti na Kilimanjaro, ambako mtu mwenye miguu yake mizima hulazimishwa kumlipa mwingine amwonyeshe njia iliyokwisha kukanyagwa na maelfu.

Binti wa Machame:
Kaka wa Denver, ya Wyoming nitayafikia, lakini hilo la Kilimanjaro siwezi kulipita. Marehemu baba yangu alikuwa mwongozaji, na kazi yake haikuwa kuonyesha njia. Usiku wa kuelekea kileleni, mita 5,895, wageni huanza kujibu maswali kwa kuchelewa, hutembea kama walevi, na bado husisitiza kwamba wako salama kwa sababu wamelipa na wanataka picha yao. Mwongozaji ndiye anayeona kwamba mtu hawezi tena kufunga zipu ya koti lake mwenyewe, na ndiye anayeamua ateremshwe saa ile ile, hata akitukanwa. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya maamuzi hayo. Na kwa kuwa umetaja dubu, mwezi Septemba 2018 mwongozaji mmoja aliuawa na dubu aina ya grizi katika Teton Wilderness, huko huko Wyoming, akishughulikia wapiti ambaye mteja wake alikuwa amempiga mshale siku iliyotangulia. Mteja alinusurika. Unaweza kumwita mtu wa namna hiyo mwonyesha njia?

Wakili wa Nakuru:
Dada, pole kwa kuondokewa na mzee, lakini kisa hicho cha 2018 hakiisaidii hoja yako, kwa kuwa kinaonyesha kwamba hata mwenye uzoefu hawezi kumzuia dubu aliyekwisha kuuona mzoga kuwa wake. Suala hapa ni la mamlaka. Ardhi ile ni ya shirikisho, ila wanyama wanasimamiwa na jimbo, na katika kesi ya Baldwin dhidi ya Montana, mwaka 1978, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mgeni atozwe dola 225 kwa leseni ambayo mwenyeji aliilipia dola 30, kwa sababu uwindaji wa burudani si haki ya msingi ya raia. Kaka wa Denver anaweza kuiona sheria ya Wyoming kuwa mbaya. Kusema kwamba anaonewa ni jambo jingine. Binafsi ninatoka nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sijaona kwamba tumepungukiwa na chochote.

Mpishi wa Kambi:
Mheshimiwa Wakili, maneno hayo ya mwisho yameniuma, kwa maana familia yangu imekula kutokana na kazi hii. Nimepika katika kambi za wawindaji milimani Wyoming, mahali ambapo gari haliruhusiwi wala baiskeli, na kila kitu huingia na kutoka kwa miguu au migongoni mwa farasi na baghala. Dume la wapiti hufikia kilo 300 na zaidi. Akishaanguka, kazi ndiyo kwanza inaanza: mapaja, mikono, nyama ya mgongo na ya shingo hutenganishwa pale pale, kila pande likatiwa katika mfuko wa kitambaa chepesi ili lipoe na nzi wasilifikie. Nyama inayobaki usiku hutundikwa angalau futi 10 kutoka ardhini na futi 4 kutoka kwenye shina la mti, kwa sababu ya dubu. Asubuhi mizigo ya baghala hupimwa iwe sawa pande zote mbili, maana ukielemea upande mmoja mnyama huchubuka mgongo na kushindwa kwenda. Kuacha nyama inayofaa kuliwa ioze ni kosa la jinai Wyoming. Mtu aliyetoka mjini na begi lake la mgongoni ataitoaje yote hiyo?

Mkazi wa Denver:
Mzee Mpishi, mimi si mtu wa begi la mgongoni. Nimebeba paja la wapiti begani mwangu kutoka bondeni hadi barabarani, hapa Colorado, bila mwongozaji, na hakuna kipande kilichooza. Kama wasiwasi ni nyama, wekeni mtihani wa kuchuna na kuhifadhi nyama, na atakayeshindwa anyimwe leseni, awe wa Denver au wa Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming. Bado hakuna aliyenijibu kuhusu mvuvi.

Binti wa Machame:
Mvuvi atajibiwa na wanaojua kuvua. Mimi ninachotaka ni kwamba uiondoe Kilimanjaro katika hoja yako, kwa sababu kwetu kila anayepanda hupanda na mwongozaji, awe ametoka Tokyo au amezaliwa Marangu. Mlima ndio unaodai sharti hilo, na hakuna anayeulizwa kwanza anaishi wapi.