Wakili amuulize mteja kuhusu sadaka anapomwandikia wosia?

Mleta mada
Hoja ni hii: anayemwandikia mtu wosia amuulize kama anataka kuacha fungu la hisani, au anyamaze mpaka mteja aseme mwenyewe? Uingereza walilijaribu, matokeo yakatolewa 2013. Wateja karibu 3,000 waliopiga simu kuandikiwa wosia waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza halikuulizwa kitu: asilimia 5 waliacha sadaka. La pili liliulizwa tu kama lingependa kuacha fedha kwa shirika la hisani: kama asilimia 10. La tatu liliambiwa wateja wetu wengi hupenda kufanya hivyo, kisha likaulizwa ni jambo gani linalowagusa: zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo kinachowazuia wengi si uchoyo, ni kutoulizwa.

Wakili, Mombasa
Na kuuliza sina ugomvi. Sentensi ya kundi la tatu ndiyo inanikera. Kama wasioulizwa wanaotoa ni 5 katika 100, hao "wateja wengi" wako wapi? Sheria ya Mirathi ya Kenya, kifungu cha 7, hubatilisha wosia au sehemu yake iliyopatikana kwa ulaghai, kwa nguvu, au kwa kumsumbua mtu hadi hiari yake ikamtoka. Sisemi sentensi moja inafika huko. Nasema mtoto aliyekosa kitu ataanzia hapo hapo.

Mtakwimu
Watano katika kila mia, kwa ofisi yenye maelfu ya wateja, ni mamia ya watu. Neno halikudanganya, limejificha tu nyuma ya hesabu. Mimi nina shaka na fedha. Wastani wa sadaka ulikuwa pauni 3,300 kundi la kwanza, 3,110 la pili, 6,661 la tatu. Kila kundi lilikuwa na watu kama 1,000, kwa hiyo wastani wa lile la kwanza umesimama juu ya watu kama 50. Matajiri wawili tu wanatosha kuuyumbisha. Halafu kilichopimwa ni maandishi, si fedha zilizofika. Mtafiti Russell James wa Marekani ametumia takwimu za watu waliovuka miaka 50, waliofuatiliwa hadi kufa: sadaka huingizwa na kufutwa, hasa mwishoni mwa maisha. Kinachotabiri zaidi si utajiri, ni kutokuwa na watoto. Mjukuu wa kwanza akizaliwa, sadaka iko hatarini.

Mwalimu wa fiqhi, Lamu
Hilo la watoto si geni. Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka, mrithi wake binti mmoja, akataka kutoa thuluthi mbili. Mtume (s.a.w.) akamkatalia, nusu pia akamkatalia, akamruhusu thuluthi na kumwambia hata hiyo ni nyingi. Ibn Abbas alipenda watu washuke hadi robo. Kwetu Waislamu kifungu alichotaja Wakili hakituhusu, lakini tuna kosa letu: watu hukata thuluthi ya mali yote. Mali ni 6,000,000, maziko na madeni 1,500,000. Inabaki 4,500,000, na thuluthi ni 1,500,000, si 2,000,000. Kinachozidi hapo ni kwa ridhaa ya warithi.

Mleta mada
Basi Mwalimu tuko pamoja, aulizwe.

Mwalimu wa fiqhi, Lamu
Aulizwe. Asiambiwe wenzake wanatoa. Nia ni yake.

Karani wa mirathi
Mnabishania swali, kinachoharibika ni jibu. Mtu anasema "yatima", inaandikwa "yatima", wasii, yaani msimamizi wa wosia, anabaki hajui ampe nani. Liandikwe jina la shirika kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, na nani apokee kama shirika litakuwa limevunjwa. Kiasi maalum huliwa na mfumuko wa bei, afadhali sehemu ya mabaki baada ya madeni. Ila hapo shirika litataka kuona hesabu nzima, na familia haipendi kuulizwa na wageni. Shahidi naye asiwe mnufaika: kwa Kenya zawadi yake huanguka, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Wakili, Mombasa
Karani umenena. Naongeza mpangilio: kwanza orodhesha wategemezi, ndipo uulize. Kifungu cha 26 cha sheria ile ile ya Kenya kinawapa njia ya kwenda mahakamani hata wosia ukiwa safi. Uingereza mama mmoja alifariki 2004, karibu pauni 486,000 zake akaziacha kwa mashirika ya wanyama na ndege. Kesi ya binti yake ilikwisha 2017, akapewa 50,000. Hebu fikirieni walichokula mawakili.

Mtakwimu
Lakini ukiuliza baada ya wategemezi, mteja ameshawataja wajukuu wote kwa majina. Hiyo asilimia 15 usiitegemee.

Wakili, Mombasa
Na ishuke.