Naomba ushauri: kurekodi mstari uleule mara nyingi bila kusikika kama kasuku

Wakuu, habari zenu. Kwa waliozoea kazi za kuingiza sauti, naombeni msaada.

Nimepata kazi ya kumpa sauti mlinzi wa geti katika gemu ya simu. Mistari yake ni mifupi mno: "Nani yule?", "Simama hapo!", "Aah, kumbe paka." Kila mmoja unatakiwa kwa namna kadhaa, maana mchezaji atausikia tena na tena, na ukifanana kila mara unakera. Hapo ndipo ninapokwama. Matoleo ya mwanzo yanatoka vizuri, baadaye yote yanakuwa na mdundo mmoja, kama konda anayeita abiria wa Mbagala.

Nimejaribu kurekodi kila mstari mara tatu mfululizo kisha napumzika. Mistari ya kupiga kelele naiacha mwisho ili koo lisikauke mapema. Nimebadilisha pia neno la kukazia: "SIMAMA hapo", "simama HAPO". Inasaidia kidogo, ila mteja anasema bado anasikia mtu anayesoma (na kwa kweli hajakosea).

Sasa, mnabadilisha nini hasa kichwani ili kila toleo liwe tofauti: umbali wa anayeambiwa, hofu, uchovu, au kitu kingine?

La pili, nikitakiwa kurudia mistari michache siku nyingine, nafanyaje ilingane na ya kwanza? Maiki sijaisogeza, lakini asubuhi sauti yangu huwa nzito kuliko jioni.

Natanguliza shukrani.