Nampeleka mama Jerez, mji wa mvinyo, na yeye hagusi pombe. Nishaurini

MwanaPangani
Wakuu, habari za jioni.

Niko Sevilla, Uhispania, kimasomo, huu mwaka wa pili. Mama anakuja mwisho wa Februari, na hajawahi kuvuka Mombasa. Ni mtu wa Pangani, miaka 63, goti la kushoto linamsumbua, swala tano hazimpiti. Habari za Waarabu wa Andalusi kazisikia kwenye darsa tangu mimi sijazaliwa, sasa anataka aone walipokaa. Granada tiketi za kuingia kasri la Alhambra kwa tarehe zetu zimeisha. Jamaa chuoni kaniambia twende Jerez de la Frontera, treni saa moja na kitu, mji mkongwe na wanakula vizuri. Nikafungua picha: mapipa, mapipa, mapaja ya nguruwe yananing'inia, mapipa tena.

Asiyekunywa ana cha kuona pale? Atakula nini? Na yale maghala ya mvinyo nimwingize au tupite kando? Nawasilisha.

Kasa wa Mafia
Mpeleke Córdoba mkuu. Dakika 45 kwa treni ya kasi, na msikiti ule hauna mfano. Jerez kaende mwenyewe.

MwanaPangani
Córdoba tunaenda Jumatano, ipo kwenye ratiba. Nauliza ya Jumamosi.

Mlezi wa Malindi
Nimeishi Jerez miaka miwili nikimlea ajuza mmoja mtaa wa Santiago, kwa hiyo nisikize mimi.

Jina lenyewe la mji ni la Waarabu, Sherish. Waingereza wakalivuta mpaka likawa sherry, ndiyo jina la mvinyo wa hapo. Hiyo "de la Frontera" ni "wa mpakani": mfalme wa Kikristo, Alfonso X, aliuteka mji 1264, ukabaki ukingoni mwa nchi ya Waislamu wa Granada miaka mingi. Anzeni na Alcázar. Mwambie mama alitamke taratibu, al-kasar. Ni neno letu "kasri" hilohilo. Jengo lilijengwa na Al-Muwahhidun, watawala Waislamu waliotoka Morocco, karne ya 12, na ndani mna msikiti mdogo wa matofali, kuba lina pembe nane, mihrabu ipo, na ua wa kutawadhia upo. Wakristo waliufanya kanisa, ndiyo maana ukasalimika. Ukitoka hapo kuna hamamu, yaani bafu la mvuke. Nendeni asubuhi, majira ya baridi wanafunga mapema mchana.

Na umfundishe maneno, atacheka siku nzima. Zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, sukari ni azúcar. Meya wao anaitwa alcalde, yaani kadhi!

Chakula: agiza tortillitas de camarones. Sisemi zinafanana na bajia. Ni bajia. Unga wa dengu na wa ngano, kitunguu, majani, na uduvi mzima mzima na macho yake, rojo likamwagwa kwa kijiko kwenye mafuta mengi, likatandaa jembamba mpaka kingo zikawa zinavunjika ukizigusa. Halafu cazón en adobo: huyo ni papa, kalazwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha kakaangwa. Mtu wa Pangani hajui kula papa?

Abu Nassir
Samahani, mimi bado sijaelewa. Mzazi mwenye swala zake unampeleka mji unaoishi kwa pombe? Uhispania nzima umekosa pengine? Niko Maskati hapa nasoma huu uzi nashangaa.

Mlezi wa Malindi
Shekhe, ule mji una watu zaidi ya laki mbili, hawaishi wote ndani ya pipa. Na huo msikiti nani akautazame, Wajerumani?

Fundi Kombo
Mimi nina kisa. Mwaka juzi nilikwenda na mke wangu, tukaingia mkahawa mmoja nyuma ya soko, nikamwambia mhudumu "sin carne", bila nyama. Akaitikia kwa kichwa, akaleta vidonge vya kukaanga vitamu ajabu. Mke wangu kala vinne. Cha tano kakivunja katikati, akaona vipande vyekundu. Jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Mhudumu naye kashangaa kweli: kwake nyama ni ile ya kukata kwa kisu, jamón ni kiungo tu. Basi uliza hivi: "¿Lleva cerdo? ¿Lleva jamón? ¿Lleva vino?", yaani kina nguruwe, kina jamón, kina mvinyo? Yote matatu, kwa kila sahani. Figo zao zinapikwa kwa mvinyo wa hapo, mkia wa ng'ombe mara nyingi nao umo, na ile berza, mchuzi wa dengu na mboga, imejaa nguruwe. Asubuhi wakikupa mkate uliopakwa kitu cha rangi ya machungwa, acha. Ni mafuta ya nguruwe. Omba wa nyanya na mafuta ya zeituni.

Kingine, saa kumi jioni mji mzima umelala. Tulizunguka na njaa kama paka wa bandarini. Kuleni saa nane mchana.

Chapa Lapa
Kuhusu maghala. Mimi nakunywa, sifichi, lakini nilichokwenda kutazama ni jengo. Dari juu kama la kanisa, kuta nene, madirisha yamefunikwa mikeka ya nyasi ili jua lisiingie na upepo wa bahari upite, sakafu ya mchanga wanainyunyizia maji kutunza unyevu. Mapipa meusi yamepangwa safu juu ya safu. Mvinyo wa kutia chupani unatoka safu ya chini kabisa, tena sehemu tu. Pengo linajazwa kutoka safu ya juu yake, na ya juu kabisa ndiyo inapokea mvinyo mpya. Kama sufuria ya supu ya stendi, inaongezwa kila siku na haijawahi kuoshwa. Ndiyo maana chupa nyingi za pale hazina mwaka. Na kwenye fino, sherry nyeupe isiyo tamu, pipa halijazwi pomoni, wanaacha nafasi utando wa hamira uelee juu kuukinga na hewa.

Zamani walisafisha mvinyo kwa ute wa mayai. Viini vilibaki vingi, wakawapa watawa wa kike, nao wakavipika na sukari: tocino de cielo. Jina maana yake "mafuta ya nguruwe ya mbinguni", usimtafsirie mama kabla hajala, maana hamna nguruwe, ni viini, maji na sukari.

Kuingia ghala au kutoingia aamue mwenyewe. Akikataa, kuna shule ya kifalme ya farasi, ipo tangu 1973, ila maonyesho ni siku maalumu, kwa kawaida Jumanne na Alhamisi. Jumamosi hakikisheni kwanza. Na wiki hizo huwa na tamasha la flamenco, ngoma na nyimbo za huko, vyumba vinapanda bei. Rudini siku hiyohiyo.

MwanaPangani
MREJESHO, wakuu. Tumerudi jana usiku.

Ghala hakuingia. Alisimama mlangoni, akavuta harufu, akasema "kama siki ya bibi yako," akaenda kukaa kwenye benchi. Msikitini alivua viatu ingawa hakuna aliyemwambia, mlinzi akatazama pembeni. Hamamu ndiyo ilimkamata. Alikaa chini kabisa, goti kalinyoosha, anatazama matundu ya nyota darini na mwanga unavyosogea ukutani. Akaniambia Kidichi Unguja mabafu yapo hivihivi, alipelekwa na shule.

Bajia kala sahani mbili. Papa kamsifu, ila akasema pilipili hawaijui. Lakini kubwa ni barabarani: ile miti ya machungwa mitaani, mimi miaka miwili napita tu. Mama kaokota moja chini, kakwaruza ganda kwa ukucha, kanusa. "Haya si machungwa, haya ni madanzi. Wanayaacha yaoze?" Kaokota sita. Yapo hapa kwenye friji yangu, na anauliza chumvi ya mawe inauzwa wapi atie achari.

Fundi Kombo
Chumvi ipo duka lolote. Pilipili nenda kwa Wamoroko. Ila mwambie asiyatumie ya barabarani, yamekula moshi wa magari.

MwanaPangani
Nimeshamwambia. Ameshayakata.