Kikundi cha Ukoo: Habari za Zabibu kutoka Penticton

Kaka (safarini): Shikamooni wazazi wangu, na wadogo zangu hamjambo. Tangu juzi niko Penticton, mji mdogo wa jimbo la British Columbia, Kanada, uliokaa kati ya maziwa mawili, Okanagan upande wa kaskazini na Skaha upande wa kusini. Kwa kuwa Shangazi aliniagiza nisirudi bila habari za zabibu, leo nimepanda hadi Naramata, kijiji cha jirani, ambako mashamba ya mizabibu na matunda yanateremka mlimani mpaka karibu na maji. Nchi yenyewe ni kavu, na mvua yake ya mwaka ni ndogo kuliko hata yetu ya Dodoma.

Shangazi (Hombolo, Dodoma): Marahaba mwanangu. Kama mvua ni ndogo hivyo, wanamwagilia kwa maji gani, na wanavuna mara ngapi?

Kaka: Wanatumia mabomba ya matone, na maji hutoka ziwani na kwenye vijito vya milimani. Wanavuna mara moja tu kwa mwaka, kwa sababu baridi ikiingia mzabibu hupukutisha majani na kulala. Januari 2024 baridi ilishuka hadi chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri, macho ya mizabibu, yaani vichipukizi vyake, yakafa, na mwaka huo karibu bonde zima halikupata zabibu, hata serikali ya jimbo ikawaruhusu watengenezaji wa mvinyo watumie zabibu za kutoka nje. Mzee mmoja alinionyesha shina lililopasuka kwa urefu, na chini yake chipukizi changa alichokifunga kwa uzi kwenye kijiti.

Mama: Maskini, pole yake.

Baba Mdogo (Area C, Dodoma mjini): Sisi tumshukuru Mungu, maana tukipogoa kwa wakati tunavuna Machi na tunavuna tena Agosti au Septemba. Kinachotuumiza ni soko. Msimu uliopita mnunuzi aliyetuahidi hakutokea, zabibu zikakaa kwenye kreti siku nne, nami nikaona kwa macho yangu maji yake yakichuruzika sakafuni huku nyuki wamejaa.

Kaka: Pole sana Baba Mdogo. Ndiyo maana nimetazama sana namna wanavyouza huku. Wakulima wengi wameacha geti wazi, na mgeni aliyekuja kuogelea ziwani hupita shambani, huonja mvinyo palepale kisha huondoka na chupa. Kando ya barabara kuna vibanda vya cheri na pichi. Nimenunua cheri nyekundu iliyokoza, bado zina vikonyo vya kijani, zimechumwa asubuhi hiyo hiyo. Hombolo tuna bwawa, tuna mizabibu, na mjini ni karibu. Naamini kabisa kwamba tunaweza kuwakaribisha wageni, hata tukianza na Jumapili moja ya mavuno.

Shangazi: Mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, sina tangi la kuuhifadhia, kwa hiyo tuanze na zabibu mbichi. Kivuli cha mkwaju kinatosha watu ishirini, na mikeka ninayo.

Baba Mdogo: Viti nitaleta mimi. Vibali niachieni nikaulize kata Jumatatu.

Shangazi: Nawe mwanangu, usininunulie vitenge wala manukato. Niletee mkasi wa kupogolea wenye makali, maana huu wangu unaponda tawi badala ya kulikata.