Historia ya Kombe la FA mnaisimulia nusu, na nusu mnayoiacha ndiyo yetu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Juzi nilikuwa nasikiliza kipindi cha michezo redioni, wachambuzi wanapitia historia ya Kombe la FA la Tanzania tangu lilipofufuliwa msimu wa 2015/16. Yanga mara tano, Simba mara tatu, Azam mara moja, wakaenda kwenye matangazo. Basi. Hata Mtibwa Sugar hawakumtaja, bingwa wa 2018 aliyemfunga Singida United 3-2 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Hiyo ndiyo timu pekee nje ya hao watatu iliyobeba kombe hilo kati ya 2016 na 2025, na imefutwa hewani hivi hivi.

Mimi ni mtu wa Lipuli ya Iringa, Wanapaluhengo kama tunavyojiita, kwa hiyo msinitegemee nitulie.

Hili kombe lilipata ladha kwa sababu ya nani? Desemba 2017, Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, ilimtoa Simba kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, pale Chamazi. Simba alikuwa bingwa mtetezi. Desemba iliyofuata Mashujaa ya Kigoma, ambayo Ligi Kuu ilikuwa bado haijaikanyaga, ikaja Uwanja wa Taifa ikampiga Simba huyo huyo 3-2. Na ile haikuwa Simba mbovu, ndiyo iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu ule ule! Mwaka 2024 Mashujaa wakamtoa tena, safari hii kwao Lake Tanganyika, kwa matuta. Ukisimulia kombe hili bila Mashujaa, unasimulia nini?

Njoo kwa Mbao FC ya Mwanza. Msimu wa 2016/17 ndio kwanza wamepanda Ligi Kuu, wakamfunga Yanga 1-0 nusu fainali pale Kirumba. Fainali Dodoma wakambana Simba hadi muda wa nyongeza, wakatangulia kufungwa, wakasawazisha, wakaja kuuawa na penalti ya Kichuya mechi ikiwa inaisha. Simba akapata tiketi ya kurudi Afrika. Mbao walipata nini? Kipa wao Mseja na beki Mwambeleko wakachukuliwa na Simba dirisha la usajili lile lile. Pius Buswita akagombaniwa na Simba na Yanga, akaangukia Yanga. Timu iliyokwenda fainali mwezi Mei, ikifika Agosti imeshanyofolewa viungo.

Sisi Lipuli tukafuata 2019. Nusu fainali kwetu uwanja wa Samora, kocha wetu Selemani Matola yuko benchi, tukamfunga Yanga 2-0. Mji mzima ulikuwa barabarani jioni ile. Halafu fainali na Azam ikachezwa Ilulu, Lindi. Fungua ramani. Kutoka Iringa kwa basi unashuka mpaka Dar es Salaam, ndipo uanze safari ya kusini, zaidi ya kilomita 900 kwa jumla. Mtu wa Azam anatembea nusu ya hiyo. Huo ukaitwa uwanja huru. Shabiki wa Iringa anayeuza nyanya sokoni Kihesa angefikaje? Tukafungwa bao 1-0 la Obrey Chirwa, wengi wetu tukiangalia kwenye vibanda.

Mwaka uliofuata wakaipeleka fainali ya Simba na Namungo Sumbawanga. Namungo ni ya Ruangwa, kusini mashariki kabisa. Sumbawanga ni kusini magharibi kabisa. Simba ana watu kila wilaya, popote utakapompeleka uwanja utajaa nyekundu. Namungo ana watu Ruangwa.

Na bado Namungo walituheshimisha. Kwa kuwa Simba alibeba na ubingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikawaangukia. Timu kutoka wilayani ikaitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, ikaingia hatua ya makundi, kundi moja na Raja Casablanca na Pyramids. Hilo halikutajwa redioni hata kwa sentensi moja.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Mbao, fainali 2017. Singida United, fainali 2018. Lipuli, fainali 2019. Zote tatu zilishuka daraja msimu mmoja, 2019/20. Zote! Mtibwa nao wakashuka 2024. Nchi yenye akili ingekaa chini ijiulize kwa nini timu ndogo ikifika fainali inarudi nyumbani kufa. Mimi jibu langu ni hilo la Mbao: mshindi wa pili harudi na fedha ya kuwabakiza wachezaji wake, na vigogo wanamsubiri mlangoni na mkataba mkononi.

Dawa zipo. Ufaransa, kwenye kombe lao la taifa, timu iliyo chini kwa madaraja mawili au zaidi ndiyo inayokuwa mwenyeji, droo iseme isemavyo. Uingereza wana FA Vase tangu msimu wa 1974/75, kombe la klabu ndogo tupu, na fainali yake inachezwa Wembley. Sisi tuanze na hilo la Ufaransa tu. Simba, Yanga na Azam waende Kigoma, Njombe, Newala, na mapato ya mlangoni yabaki huko.

Na kumbukumbu zitunzwe. Kabla ya hili kulikuwa na Kombe la Nyerere, bingwa wake akicheza Kombe la Washindi Afrika. Likafa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo mtafute kijana wa miaka 20 akutajie fainali moja tu ya kombe lile. Hana pa kusoma! Na Mbao na Lipuli nao ndiko wanakopelekwa, kwenye kusahaulika.

Kwa hiyo wazee mliokwenda viwanjani enzi zile, na wenye magazeti ya zamani ndani, wekeni hapa: mwaka, uwanja, matokeo, wafungaji. Mwenye kikosi cha Lipuli cha ile nusu fainali ya Samora akiweke pia. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa Simba na Yanga.