Mgonjwa mvutaji anayesubiri kung'olewa jino: namwanzaje suala la kuacha sigara?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma udaktari wa meno hapa Dar, sasa niko kliniki. Darasani tulifundishwa hatua tano: uliza, shauri, pima utayari, saidia, panga marudio. Ukituuliza, wote tunakubali ni kazi yetu. Mgonjwa akishakaa kwenye kiti, tunaweka tiki kwenye fomu tunaendelea na ganzi. Wenzangu wanasema sisi ni wa meno, mapafu yake atajua mwenyewe.

Sasa nina mzee, dereva wa lori, wa kung'olewa gego Alhamisi. Nilimwamkia vizuri, nikagusia fegi, akanijibu, "Mwanangu, mimi nimekuja kwa jino." Mtu wa umri wa baba yangu, namwanzaje?

Koleo: Achana na saratani, onyo liko kwenye pakiti na bado ananunua. Anza na hilo hilo jino. "Baba, nikishang'oa, damu itaganda shimoni, ndiyo bandeji yako. Ukivuta inaweza kutoka, mfupa ubaki wazi, na maumivu yake yanazidi ya jino. Utaweza kukaa siku tatu bila?" Siku tatu wengi wanakubali. Akirudi kuangaliwa kidonda, hapo unaongea na mtu ambaye tayari ameanza kuacha.

Bwanaheri: Foleni inafika getini nyie mnataka kuhubiri? Ng'oa, aende zake.

Koleo: Bwanaheri, hayo maneno ni dakika moja, tena unayasema ukisubiri ganzi ishike. Kidonda kisipopona anarudi kwako huyo huyo.

Mstaafu wa Fegi: Mimi ni mgonjwa tu. Nyumbani walinisema wote, mpaka mchungaji. Kilichonigusa ni dada mmoja wa meno: alinipa kioo, akanionyesha ufizi ulivyoshuka, akanyamaza. Ila nilipoacha fizi zikaanza kutoka damu! Nusura nirudie.

Dk. Gego: Mstaafu kasema jambo ambalo wanafunzi wengi hawamwambii mgonjwa. Nikotini hubana mishipa ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji zinaweza zisitoe damu huku mfupa unaliwa chini. Akiacha, damu inarudi na fizi huvuja kwa muda. Mwambie mapema, la sivyo ataamini sigara ndiyo ilikuwa dawa. Na asiyeweza mikono mitupu, kuna chingamu na plasta za nikotini; WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Ulizia famasi kabla hujamtajia, usimtume mzee azunguke mji mzima.

Mleta uzi: Shukrani Dk., shukrani Koleo, la siku tatu nalichukua. Swali lingine: wale wa ugoro na tambuu yenye tumbaku mnawauliza vipi? Fomu yetu imeandika "sigara" tu, wao wanajibu hapana.